Dakta Fritz Zwicky, Mhesabu wa Galaksi Hafifu

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuletewa maisha ya majemadari, wafalme na wapigania uhuru. Leo twaomba radhi, kwani tunamleta mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakutawala nchi. Huyu ni Dakta Fritz Zwicky, mwanafalaki wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, ambaye amekwisha kufa zaidi ya miaka 50 sasa. Kabla ya kuingia katika habari zake, yatupasa tueleze jinsi tulivyomfikia, maana si kila siku afisa uhusiano wa jeshi hujikuta akiandika habari za nyota.

Ilikuwa mwezi wa Juni, kiangazi kimeshika. Tulikuwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kwa shughuli za kikazi, na gari letu likapata pancha mara mbili, hata giza likatukuta katika uwanja wa shule. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Uganda. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Warwanda walipoanza kukimbia machafuko ya kwao. Leo wamo humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao. Taa ni chache huko. Mji wa Mbarara uko mbali upande wa kaskazini-magharibi, na mng'ao wake hauwezi kuzishinda nyota. Mbingu ya Nakivale usiku wa kiangazi ni kitu cha kumfanya mtu anyamaze.

Mwanafunzi mmoja wa Kikongo, mwenye Kiswahili cha Kivu, alitusogelea, akatuamkia kwa adabu, kisha akatoa swali lake. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kwamba huu mkanda mweupe wa nyota ni galaksi yetu tuionayo kutoka ndani, kwamba ziko galaksi nyingine zisizo na idadi, na kwamba nyingi miongoni mwao ni hafifu mno hata darubini hazizioni kwa urahisi. Basi alitaka kujua: kama hazionekani, nani amezihesabu? Alituuliza sisi kwa sababu tulivaa sare, na mtoto hudhani mwenye sare anajua kila jambo. Hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kwamba tutalitafuta, naye mwalimu wake akalishika neno letu kama hati ya deni.

Jibu tulilolipata lina jina la mtu.

MTOTO WA VARNA

Fritz Zwicky alizaliwa tarehe 14 Februari 1898 katika mji wa Varna, nchini Bulgaria, kando ya Bahari Nyeusi. Baba yake, Fridolin, alikuwa Mswisi aliyehamia huko kwa biashara. Mama yake alikuwa na asili ya Kicheki. Alipokuwa na umri wa miaka 6 tu alipelekwa Uswisi, katika jimbo la milima la Glarus, alelewe na babu na bibi upande wa baba na asomee mambo ya biashara. Mtoto huyo aliacha bahari na lugha za Varna akaingia katika bonde la milima ambako alihesabiwa kuwa mwenyeji kwa sababu ya jina la ukoo peke yake. Watoto wa Nakivale wanaorudishwa katika nchi za wazazi wao, nchi wasizozijua, wangemwelewa vizuri mtoto huyu.

Biashara haikumkaa. Alivutwa na hisabati na fizikia, akasoma katika chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, kile kile alichopata kusoma Einstein, akapata shahada ya udaktari mwaka 1922 kwa utafiti wa fuwele. Mwaka 1925 alivuka bahari kwenda Pasadena, California, akafanya kazi katika taasisi ya teknolojia ya huko, na huko ndiko alikokaa maisha yake yote yaliyosalia. Lakini uraia wa Marekani hakuuchukua kamwe. Alibaki Mswisi, mpanda milima hodari, mwenye sauti kubwa na lafudhi nzito, aliyekuwa akiwaambia wakubwa wake mambo ambayo wengine huyasema mlangoni baada ya kutoka.

Yafaa tuseme mapema kwamba hakuwa mtu mpole. Aligombana na karibu kila aliyefanya kazi naye. Katika dibaji ya orodha yake ya galaksi, aliyoitoa mwaka 1971 akiwa mzee, aliwashambulia wanafalaki wenzake kwa maneno makali ambayo hata leo husomwa kwa mshangao. Inasimuliwa pia kwamba usiku mmoja, katika kituo cha Mount Wilson, alimtaka msaidizi wake apige risasi kupitia mlango wa kuba ya darubini, akitumaini kwamba hewa iliyovurugika itatulia na picha itatoka safi. Haikusaidia kitu. Sisi ambao hutia saini kwa kila risasi itokayo ghalani tumeisoma hadithi hiyo mara mbili kwa hofu.

KUNDI LA COMA

Mwezi wa Juni giza linapoingia, mtu aliyesimama Nakivale akielekea kaskazini huona juu yake sehemu ya mbingu iliyo kati ya nyota za Simba na nyota kubwa ya rangi ya chungwa iitwayo Arcturus. Sehemu hiyo yaonekana kama haina kitu. Wataalamu huiita Nywele za Berenike, au Coma kwa Kilatini. Ndani yake, katika umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 320, kuna kundi la galaksi zaidi ya elfu moja zilizosongamana pamoja. Jicho haliioni hata moja. Mwanafunzi wetu alikuwa akilitazama kundi hilo wakati ule ule alipouliza swali lake, wala sisi hatukujua.

Mwaka 1933 Zwicky alitoa katika jarida moja la fizikia la Uswisi, kwa lugha ya Kijerumani, makala juu ya mwendo wa galaksi hizo za Coma. Nuru ya kitu kinachotukaribia au kutukimbia hubadilika rangi kidogo, na kwa kupima badiliko hilo mtu hupata kasi yake. Zwicky aliona kwamba galaksi za Coma zinapishana kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa kila sekunde. Akakadiria uzito wa kundi zima kwa kuhesabu galaksi zionekanazo na nuru yake, kisha akauliza kama uvutano wa uzito huo watosha kuzishika galaksi ziendazo mbio namna ile. Hautoshi hata kidogo. Kwa uzito ule uliohesabika, kundi lingekuwa limekwisha kutawanyika zamani za kale.

Wenyeji wa Mbarara wataelewa kwa mfano wa ng'ombe. Mtu akisimama kilimani usiku akasikia kundi la ng'ombe wa Ankole likienda mbio bondeni, pembe zikigongana, na bado kundi halitawanyiki, atajua kwamba wachungaji wapo na kwamba ni wengi, ingawa hakumwona hata mmoja. Zwicky alisema kwamba katika Coma kuna maada nyingi isiyotoa nuru, akaiita maada ya giza. Kwa hesabu yake ilizidi ile ionekanayo mara 400.

Hesabu hiyo ilikuwa kubwa kupita kiasi. Siku hizo umbali wa Coma ulidhaniwa kuwa miaka ya nuru milioni 45 tu, na kosa la umbali huzaa kosa la uzito. Baadaye, tangu miaka ya 1970, vyombo vya kupima miale ya eksirei vilivyorushwa angani vilionyesha kwamba makundi kama Coma yamejaa gesi ya moto sana yenye uzito kuliko nyota zote za galaksi zake. Lakini hata ukiijumlisha gesi hiyo, sehemu kubwa ya uzito bado haijaonekana. Kiini cha hoja ya Zwicky kilisimama. Ila kwa miaka karibu 40 watu wachache sana waliijali, mpaka mwanamke mmoja wa Marekani, Dakta Vera Rubin, alipopima jinsi galaksi moja moja zinavyozunguka, akakuta kila mahali hitilafu ile ile ya uzito.

Wengi humaliza habari za Zwicky hapa, au huongeza kwamba mwaka 1934, yeye na Mjerumani Walter Baade walieleza jinsi nyota kubwa inavyolipuka na kuacha mabaki ya nyutroni tupu, jambo lililothibitika baada ya mwaka 1967. Ni mambo makubwa, na peke yake yangetosha kumpa jina. Lakini swali tulilopewa Nakivale lilihusu galaksi hafifu, na katika hilo mchango wake haujulikani sana.

UNGA JUU YA MKEKA

Kwanza tueleze maana ya uhafifu, kwa kuwa sisi wenyewe tulilikosea jambo hili mwanzoni. Tulidhani galaksi hafifu ni ile iliyo mbali. Sivyo. Chukua kibaba cha unga ukimimine katika sahani: kila apitaye ataona unga. Kibaba hicho hicho ukikipepeta juu ya mkeka mpana, kisha ukisogeze mkeka ukutani penye chokaa, hakuna atakayesema kwamba pale pana unga, ingawa haukupungua hata chembe. Galaksi hafifu ni unga uliopepetwa. Nyota zake ni chache nazo zimetawanyika mahali papana, hata mwangaza wa kila sehemu yake ni mdogo kuliko mwangaza wa mbingu yenyewe. Maana mbingu ya usiku haina giza kamili: hewa ya juu hutoa nuru yake kidogo, mwezi nao huongeza, na taa za miji huharibu kabisa.

Matokeo yake ni kwamba atazamaye mbingu hunasa galaksi zenye kung'aa, kisha husema kwamba galaksi ndivyo zilivyo. Ndivyo ilivyotokea. Edwin Hubble, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa elimu hii katika Marekani, aliamini kwamba galaksi nyingi zina mwangaza wa wastani, na kwamba zilizo ndogo na hafifu ni chache kama zilivyo chache zilizo kubwa kupita kiasi. Zwicky alikataa. Alishikilia kwamba kadiri unavyoshuka kwenye mwangaza mdogo, ndivyo idadi inavyozidi, na kwamba galaksi vibete ni nyingi kuliko kubwa zote. Ugomvi huu haukuwa wa maneno matupu. Orodha ikikosewa, uzito wa kila kundi hukosewa, na pia jinsi tunavyofikiri galaksi zilivyoanza.

Chombo alichokitumia kina historia yake. Darubini kubwa za siku zile zilitazama sehemu ndogo mno ya mbingu kwa mara moja, mfano wa mtu anayechungulia uwanja kupitia tundu la ufunguo. Lakini huko Hamburg, fundi mmoja mzaliwa wa Estonia, Bernhard Schmidt, alikuwa amebuni darubini yenye kuona eneo pana kwa usafi mkubwa. Schmidt alikuwa na mkono mmoja. Ule mwingine aliupoteza utotoni akichezea baruti, naye alisugua vioo vyake kwa mkono uliobaki. Alifariki mwaka 1935. Mwaka uliofuata darubini ya namna yake, yenye upana wa sentimita 46 tu, ilisimikwa juu ya mlima Palomar, California, ikiwa ya kwanza mlimani hapo. Mtumiaji wake mkuu alikuwa Zwicky. Kwa darubini hiyo ndogo aliichana mbingu kipande kwa kipande, mwaka hadi mwaka, akitafuta nyota zinazolipuka, ambazo katika maisha yake alizipata zaidi ya 100, na akitafuta pia mawaa hafifu ambayo wengine waliyapita.

Afrika nayo ilikuwa imeshiriki. Mwaka 1938 Harlow Shapley wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza kupatikana kwa galaksi kibete ya Sculptor, galaksi iliyotawanyika mno hata picha yake ilionekana kama alama ya kidole kichafu. Picha hiyo ilipigwa katika kituo cha Boyden, karibu na Bloemfontein, Afrika Kusini. Baadaye kidogo kituo hicho kilitoa nyingine, ya Fornax, yaani Tanuri. Zwicky naye mwaka 1942 alitangaza galaksi kibete katika eneo la Simba, iitwayo leo Leo A. Ilikuwa wazi kwamba Hubble amekosea, ingawa wengi walichelewa kukubali.

Sasa tufike katika mazingira ya galaksi hizi, maana mahali zinapopatikana ndipo penye siri yake. Zwicky alikuwa wa kwanza kusisitiza kwamba ndani ya kundi kama Coma, nafasi iliyo kati ya galaksi si tupu. Mwaka 1951 alieleza kwamba ameona nuru hafifu imetanda kati ya galaksi za Coma. Leo yajulikana kwamba hiyo ni nuru ya nyota zilizong'olewa. Katika kundi lenye msongamano galaksi hupishana karibu karibu, kila moja ikiivuta nyenzake. Galaksi ndogo huchanwa, nyota zake zikabaki zinaelea bila mwenyewe. Gesi yake nayo hupeperushwa na ile gesi ya moto ya kundi, kama kofia inavyochukuliwa na upepo mtu akiwa nyuma ya lori liendalo kasi. Bila gesi, nyota mpya hazizaliwi. Galaksi hubaki na nyota zake nzee, nyekundu, zikififia polepole.

Zwicky hakuishi kuona sehemu kubwa ya habari hii. Mwaka 1984 Allan Sandage na Bruno Binggeli, wakichunguza kundi la galaksi katika Mashuke, walikuta galaksi hafifu zilizo pana isivyo kawaida. Miaka miwili baadaye ikagunduliwa Malin 1, galaksi kubwa mno ambayo hakuna aliyeitambua kwa sababu sahani yake ya nyota ni hafifu kuliko mbingu. Kisha mwaka 2015 Pieter van Dokkum na wenzake waliunganisha lenzi nyingi za kamera, za aina wanazotumia wapiga picha wa michezo, wakazielekeza Coma. Walipata galaksi 47 za namna ya pekee: kila moja upana wake unalingana na galaksi yetu, lakini nyota zake ni pungufu mara mia hata mara elfu. Wenzao waliotumia darubini kubwa ya Subaru, huko Hawaii, wakahesabu katika kundi hilo hilo zaidi ya 800.

Kundi lile lile, basi, na bado lilikuwa limeficha watu wake, kama tutaruhusiwa kusema hivyo.

Tangu hapo galaksi hizo zimeonekana pia katika Mashuke, katika Tanuri, na katika makundi mengine mengi. Kundi likiwa zito zaidi, nazo huwa nyingi zaidi. Zimeonekana vile vile nje ya makundi, mahali pa upweke, ila huko sura yake ni nyingine: nyingi ni za buluu, zina gesi, na bado zinazaa nyota. Wataalamu wanabishana. Wako wanaosema kwamba galaksi hizi zilizaliwa hivyo hivyo, pana na chache wa nyota, na wako wanaosema kwamba kundi ndilo lililozivuta na kuzinyoosha mpaka zikawa hivyo. Huenda pande zote mbili zina haki, kila moja kwa baadhi ya galaksi. Nyingine zaonekana kujaa maada ya giza, na mwaka 2018 ilitangazwa moja ambayo yaonekana haina maada hiyo karibu kabisa, jambo lililoanzisha mabishano ambayo Zwicky angeyafurahia.

SANDUKU ZA MAJARIDA

Vita Kuu ya Pili ilimkuta Zwicky California. Kuanzia mwaka 1943 aliongoza utafiti katika kampuni ya Aerojet iliyotengeneza injini za roketi, na mwaka 1945 alitumwa Ujerumani, kisha Japani, kuchunguza silaha na ufundi wa nchi zilizoshindwa. Mwaka 1949 Rais Truman alimtunukia Nishani ya Uhuru kwa kazi hiyo. Tarehe 16 Oktoba 1957, siku 12 tu baada ya Warusi kurusha Sputnik, alishiriki katika jaribio la kufyatua vipande vidogo vya madini kutoka kwenye roketi iliyokuwa angani, akiamini kwamba kimojawapo kimeuponyoka uvutano wa dunia. Kwa askari haya ndiyo ya kusisimua, na tungeweza kuyaandika kurasa mbili.

Hata hivyo lililotugusa zaidi ni jingine. Tangu wakati wa vita, na kwa miaka mingi baadaye, Zwicky aliongoza kamati ya kuzisaidia maktaba za sayansi zilizoharibiwa na vita. Alikusanya vitabu na majarida ya kisayansi kutoka kwa wenzake, wale wale aliogombana nao, wajane wa maprofesa wakampa rafu za marehemu, na mizigo ikapelekwa Ulaya na Asia kwa tani. Hakuchagua nani alishinda na nani alishindwa. Alishiriki pia kwa muda mrefu katika shirika la Pestalozzi la Marekani lililosaidia nyumba za yatima, nalo lilimpa nishani yake ya dhahabu mwaka 1955. Mtu aliyejulikana kwa ukali ndiye huyo huyo aliyehangaika na sanduku, kamba na anwani za maktaba zilizoungua. Waandishi wengi wa maisha yake huyataja haya kwa mstari mmoja, kisha hurudi kwenye ugomvi wake. Twaona wamekosea kipimo.

Katika miaka ile ile ambayo Warwanda wa kwanza walikuwa wakikata miti na kujenga vibanda Nakivale, Zwicky na wasaidizi wake walikuwa wakikamilisha orodha kubwa ya galaksi na makundi yake. Buku la kwanza lilitoka mwaka 1961, na la sita, la mwisho, mwaka 1968. Orodha hiyo ina galaksi karibu 30,000 na makundi zaidi ya 9,000, yote yaliyotazamwa kwa jicho katika picha za kioo, moja moja. Hakukuwa na mashine ya kufanya hesabu hiyo. Na hilo ni jibu la sehemu ya kwanza ya swali la mwanafunzi: zilihesabiwa na watu walioinamia meza yenye taa, wakiwa na kioo cha kukuzia.

Sehemu ya pili, ya namna ya kuona kisichoonekana, tulikuwa tunaijua bila kujua kwamba tunaijua. Katika chuo cha kadeti, wakati wa mazoezi ya doria za usiku, tulifundishwa kwamba mtu akitaka kuona kitu gizani asikikodolee macho moja kwa moja. Atazame kando yake kidogo, nacho kitajitokeza, kwa kuwa katikati ya jicho hakupokei nuru hafifu vizuri kama pembeni. Wanafalaki nao hutumia mbinu hiyo hiyo katika darubini. Mkufunzi wetu alitufanya tuirudie mpaka alfajiri, na wakati ule tuliona kama adhabu.

Zwicky alistaafu uprofesa mwaka 1968. Mwaka 1972 Jumuiya ya Kifalme ya Falaki ya Uingereza ilimpa nishani yake ya dhahabu, heshima iliyokuja baada ya wengi wa wapinzani wake kufa. Alifariki Pasadena tarehe 8 Februari 1974, siku sita kabla ya kutimiza miaka 76, akazikwa Mollis, katika Glarus, chini ya milima aliyoikuta akiwa na miaka 6. Mwaka 1937 alikuwa ametabiri kwamba uvutano wa galaksi utaweza kupinda nuru ya vitu vilivyo nyuma yake, kama lenzi. Mfano wa kwanza uligunduliwa mwaka 1979, miaka mitano baada ya kifo chake. Na mwezi wa Juni 2025 kituo kikubwa cha darubini kilichojengwa Chile, chenye jina la Vera Rubin, kilitoa picha zake za kwanza. Moja ilionyesha kundi la Mashuke, na moja ya kazi za kituo hicho ni kuzitafuta galaksi hafifu katika mbingu yote ya kusini.

Mbarara kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989, na idara yake ya fizikia hufundisha elimu ya nyota. Tulipita huko kabla ya kurudi Nakivale, tukapata picha mbili za Coma zilizochapwa kwenye karatasi ya kawaida. Katika moja, ya mwangaza wa kawaida, zaonekana galaksi kubwa mbili na vumbi la nyingine. Katika ya pili, iliyofanyiwa kazi ili kuvuta nuru hafifu, mahali palipokuwa peusi pamejaa madoa ya kijivu.

Mwanafunzi alizitazama kwa muda mrefu, akageuza ya pili juu chini, akaanza kuhesabu madoa kwa ncha ya kalamu. Mwalimu wake alitutaka tuliandike ubaoni jina la yule mzungu. Tukaliandika kwa chaki, herufi kubwa, na darasa zima likajaribu kulitamka, kila mtoto kwa lafudhi ya kwao, wala hapakuwa na wawili waliolitamka sawa.